Mbwa Asiyekula Uji Wangu

Lyamkena, Makambako
Jumatano

Kaka Elius,

Kamwene. Natumaini wewe, wifi Ema na watoto mmeamka salama huko Igwachanya, na baridi haijawazidi. Sisi tupo, ingawa si wote wazima. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Baba hukaa nami jikoni kila ninapokuwa nyumbani, na jambo hili sikutaka asikie nikikueleza.

Yule mtoto wa mbwa uliyetuletea kutoka Mdandu tumemwita Upepo. Mwanzoni nilimpa maziwa ya ng'ombe, akaharisha. Muuza dawa za mifugo akanikataza, akasema nimpikie uji mzito wa dona wenye dagaa waliosagwa, bila chumvi. Upepo akaunusa, akageuka, akaenda kulala. Nikanunua chakula cha mfuko, nikakiloweka kwa maji ya vuguvugu. Hicho nacho akakiacha. Lakini tumbo lake lilizidi kuwa duara na manyoya yakang'aa.

Mbwa asiyekula hanenepi, kaka. Nikajua kuna mtu anamlisha. Nikamshuku jirani yetu Kefa, kwa sababu siku ulipomleta alisimama kwenye uzio akauliza kama hakuna mwingine. Nikaona anamzoesha ili amchukue, au siku moja amtilie sumu apate kuiba kuku wetu. Nikaacha kumsalimia. Nikawa nachungulia uzio na kunusa mdomo wa mbwa kila nikirudi kutoka shambani. Mkewe Feliciana alituletea mboga, nikazimwaga. Baba akaniambia nisimwonee mtu, nikamjibu kwamba yeye anaamini watu upesi mno.

Jana nilimpakulia Baba chakula, nikatoka kwenda sokoni. Njiani nikakumbuka mwavuli, nikarudi. Nyuma ya jiko nikamkuta Baba amechuchumaa na leso mkononi, anatoa viazi na nyama, anamlisha Upepo kidogokidogo. Ni kile kile chakula nilichompakulia. Miezi yote hii sahani yake hurudi tupu, nami nafurahi kwamba mzee anakula. Ndipo nilipoona koti linavyomning'inia mabegani.

Hakukasirika. Alisema, "Hakipiti, mwanangu. Tangu Pasaka hakipiti, ila uji na mchuzi." Akaniomba nisikuambie. Anakumbuka koo la baba mdogo Anania na jinsi lilivyommaliza, naye anaona ni heri asijue kama ni ugonjwa ule ule.

Nimemwambia twende hospitali Njombe. Alikataa, kisha akasema labda ukiwepo wewe. Njoo kabla ya Jumapili, kaka. Sema umekuja kumwona mbwa. Kwa Kefa nimekwenda kuomba radhi. Amesema gari lake lipo siku yoyote tutakayolihitaji.

Wasalimie watoto, na wifi umweleze taratibu. Bwana awatunze mpaka tuonane.

Mdogo wako,
Esnath