Jumamosi Ile Mliyokwenda Bila Mimi

Jumatatu, 18 Aprili 1994. Asubuhi mvua ya rasharasha, ikakatika saa mbili. Mtaa wa Sikukuu umejaa maji mpaka kwenye kizingiti cha duka.

Hawa,

Daftari hili unalijua. Ulizoea kulifunua nikiwa nahudumia mteja, ukasoma kwa sauti, "Jumanne, jua kali, misumari ya inchi tatu imekwisha," ukasema siku nitakapokufa watu watajua kila kitu kuhusu misumari na hawatajua lolote kuhusu Manka. Leo siandiki misumari. Nina neno na wewe, na kwa miaka kumi na sita mtu niliyempelekea maneno ya namna hii alikuwa wewe mwenyewe.

Nianze na yaliyobadilika. Nyumba ya mkabala na duka imebomolewa, wanajenga ghorofa. Nguo za mitumba zimesogea mpaka mlangoni kwetu. Ukimwambia mtu asogee kidogo anakujibu kuwa siku hizi ni ruksa. Kontena jingine la baiskeli za gia limetoka bandarini wiki iliyopita. Vijana wamezipanga pembeni mwa barabara kama mbuzi mnadani, nami nimepita bila kusimama. Mama yako ameanza kula vizuri. Kishorbhai, muuza nyuzi, bado ni mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli, ila anayetangulia barabarani mahali pako sasa ni Kulwa.

Hapo ndipo penye neno langu. Najua ungesema, "Manka, umeanza." Ndiyo, nimeanza.

Siku ya msiba wako nilifika kabla ya jua. Niliosha vyombo, nikajifunga kanga kichwani, nikakaa mkekani na wanawake wa kwenu na kuitikia nisiyoyajua. Kulwa alifunga kibanda chake cha mchele kule Shimoni, chini ya soko, akafika saa nne. Hakumsalimia mtu. Alijilaza kizingitini, akasema jeneza halitoki. "Huyu Mzaramo haendi popote. Kaniachia nani wa kumtukana?" Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Kisha akavaa koti lako la mvua, lile la kiume, akazunguka uani kwa mwendo wako wa kurusha mabega, na shangazi yako akamkumbatia kama ni wewe uliyerudi.

Haki yake. Yeye Mnyamwezi, ninyi Wazaramo, mmetaniana tangu mababu. Sisi Wachaga watani wetu ni Wapare, na pale hapakuwa na Mpare hata mmoja wa kunipa kazi. Kulwa alikujua miaka miwili tu. Mimi nilikujua tangu kidato cha kwanza, dawati moja, ukinakili hesabu zangu pamoja na makosa yake. Lakini kwenye kilio chako yeye alikuwa mwenye nyumba, na mimi nilikuwa mgeni mwenye adabu.

Siku ya arobaini ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya hitima Kulwa aliketi juu ya baiskeli yako ya kijani, akakunja mikono. "Hii nimeiteka. Anayeitaka aje aikomboe." Kaka zako walicheka, wakarudi kwenye pilau. Hakuna anayeendesha kwenu. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani mkononi. Tuliichomoa wote wawili kwenye rundo la kontena, Hawa. Nilikukagulia spoki moja moja, nikakuchagulia breki, nikakataa ile nyekundu uliyoipenda kwa sababu fremu yake ilikuwa imepinda. Nikasubiri mtu aniulize kama naitaka. Hakuna aliyeuliza. Kulwa akaipanda, akaondoka nayo, kanga inapepea.

Sasa safari ya juzi. Klabu ilipanga kupanda vilima vya kwenu, kulala kwa mama yako, na kupita kaburini asubuhi yake. Tulikuwa tisa. Tuliondoka Kariakoo saa kumi na mbili na robo asubuhi ya Jumamosi, mawingu mazito, upepo hakuna. Nilibeba pampu, solusheni, viraka kumi na viwili, tyubu mbili na nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Pale Gongo la Mboto vijana wa kijiweni walituona. "Dada wa mbele, nipakie. Wewe wa nyuma, salimia wajukuu." Wa mbele alikuwa Kulwa. Wa nyuma ni mimi. Kulwa aliwarudishia neno ambalo sikulisikia, kijiwe kizima kikaangua kicheko, na mpaka Pugu nilikuwa najiuliza kwa nini mimi sijawahi kuchekesha kijiwe.

Mvua ilitukuta tukipanda kuelekea Kisarawe. Ng'ambo ya mji, barabara ya kwenu ikawa uji. Unaujua ule udongo: unashika tairi, unajaza madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na unabaki kubeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba. Kila hatua hamsini tulisimama kukwangua kwa vijiti. Kishorbhai alipoteza kiatu kimoja, akakitafuta kwa mkono kama mtu anayevua kambale. Kulwa alikuwa mbele na baiskeli yako, anapiga mluzi.

"Huo mluzi wa marehemu," akasema mmoja wao, na wote wakaitikia kuwa ndio huo huo.

Sikujua kama unapiga mluzi. Miaka kumi na sita, Hawa. Nilijua saizi ya kiatu chako, dawa inayokudhuru, jina la mwalimu uliyempenda. Mluzi sikuujua.

Tukafika kwenye kona ile yenye mteremko, mikorosho upande wa kushoto. Kulwa alisimama, akageuka, akawa wewe. Alikaza kilemba mara tatu, akasema kwa sauti yako, "Jamani, mimi nimezeeka, nyie tangulieni," halafu akaachia breki, akanyoosha miguu yote miwili hewani na kushuka hivyo mpaka chini, akatumbukia kwenye tope ubavu mzima. Akainuka amepakaa mpaka kwenye meno. Walicheka mpaka wakashikana. Akatuambia kuwa ndivyo ulivyoanguka mwaka jana, palepale, ile Jumamosi ya mvua kubwa baada ya Mei Mosi, na kwamba mlikaa kwenye tope nusu saa nzima mnacheka, hamuwezi kuinuka.

Nikauliza, "Jumamosi ipi?"

Nadhani mpaka hapo alikuwa amesahau kuwa nipo. Aliacha kucheka. Kishorbhai akainama kutazama mnyororo ambao haukuwa na kasoro yoyote. Wengine wakatafuta vijiti vya kukwangulia. Nikaelewa kuwa wote wanajua, isipokuwa mimi.

Leo nimefungua daftari la mwaka jana ili nisikusingizie. Nakunakilia: "Jumamosi, 8 Mei 1993. Mvua kubwa tangu alfajiri. Hawa amepita saa kumi na mbili na nusu kusema safari ya Kisarawe imeahirishwa. Nimefungua duka. Wateja wachache." Ulisimama mlangoni umevaa lile koti. Nilikuhurumia kwa kuja kwenye mvua kuniambia, nikakupa chai ya tangawizi, ukainywa umesimama. Kumbe baiskeli ilikuwa kwenye kona ya mtaa na wenzio wanakungoja.

Njia iliyobaki nilisukuma peke yangu nyuma. Kulwa alirudi kunifuata. Nilimwambia sihitaji msaada. Akasema hakuja kusaidia, amechoka tu kutangulia. Tukasukuma sambamba, kisha nikamuuliza kwa nini ulinificha. Alijaribu kukwepa. Mimi si mtu wa kukwepwa, unajua. Niliuliza tena kwa maneno yale yale.

"Da' Manka, usinichukie mimi," akasema. "Alisema anakupenda, lakini ukija utatupangia mpaka saa ya kucheka."

Nimeliandika kama lilivyotoka. Nikamuuliza mara ngapi. Akasema tatu.

Mama yako alitupokea na maji ya moto na uji. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanishika uso kwa mikono miwili, na mimi nikaona aibu kwa sababu moyoni nilikuwa nagombana na binti yake. Nililala mapema, nimegeukia ukutani.

Jana asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Tulikwenda kaburini wote, mama yako mbele na fimbo. Nyasi zimeanza kuota. Nilikuwa nimeandaa maneno, manne au matano mazuri, kuhusu wema wako. Kulwa akanitangulia. Alisukuma baiskeli mpaka karibu nawe, akashika kiuno. "Hawa we, umelala tu, wenzio tunabeba baiskeli kwenye tope. Uvivu huu umeuanza lini?" Mama yako akacheka. Alicheka hasa, akajifuta na ncha ya kanga. Tangu ufe nimempelekea sukari, dawa ya miguu na maneno ya Biblia, na sijawahi kumchekesha hata mara moja.

Ndipo ikanitoka. Nilisema, mbele ya wote, "Kulwa, naitaka hiyo baiskeli."

Akanitazama kama aliyekuwa akilingoja neno hilo. Akasema wakati wa arobaini alinitazama mimi alipotaja kukomboa, nikatazama sahani. Kisha akatangaza masharti yake, kwa sauti ya utani, lakini macho yake hayakutania: sifa zako zimeshasemwa na watu wa adabu, yeye anataka ubaya wako mmoja, wa kweli, usemwe hapo ulipo, na Mchaga huyu.

Nikasema mimi si mtani wa Wazaramo.

"Leo nakuazima," akasema. "Sema."

Kishorbhai akakohoa. Halafu nikasema. Nilisema, "Hawa, ulikuwa mwongo." Nilidhani nitaishia hapo. Nikaendelea. Nilisema ulikuja kwangu ukanywa chai yangu huku unanidanganya. Nilisema ulikuwa mwoga pia, kwa sababu ungeniambia usoni, "Manka, leo usije," ningenuna wiki nzima kisha ningekuja kukuuliza mmeangukaje. Nilisema unapiga mluzi na hukuniambia. Sauti ilipanda, nikaisikia inapanda, na sikuweza kuishusha.

Hakuna aliyecheka. Nilijua nimeharibu, utani nimeugeuza ugomvi, juu ya kaburi la mtu.

Mama yako ndiye aliyeitikia. "Mwongo tangu mdogo," akasema taratibu. "Darasa la nne aliniambia shule imefungwa kwa surua. Nikamfungia ndani siku tisa asiwaambukize wadogo zake. Akavumilia siku zote tisa, hakusema."

Nikacheka. Nilianza mimi, Hawa, kabla ya Kulwa, na mama yako akanifuata, tukashikana mikono kama walevi. Kulwa akaweka usukani mikononi mwangu, akasema, "Umekomboa."

Unafikiri wivu umeisha? Haujaisha. Nimerudi nayo jana mpaka Kariakoo, na njia nzima nilikuwa nawaza yeye amekaa kwenye kiti hiki siku kumi. Alikishusha. Nimekipandisha mpaka kwenye mchubuko ulioachwa na kipimo chako kwenye bomba, ingawa kwa mguu wangu kiko juu na goti linauma. Nina wivu na mluzi. Nina wivu na nusu saa kwenye tope. Hata na wewe nina wivu, maana ulijua kuwa na watu wa aina mbili na ukawapenda wote, na mimi nilikuwa na wewe tu.

Leo mchana nilifunga duka nusu saa, nikashuka Shimoni. Kulwa alikuwa anapepeta. Nikamwambia zimebaki Jumamosi mbili ambazo sijasimuliwa. Akasema ni ndefu, atanipa moja Ijumaa hii na ya pili nikiacha kumkazia macho. Nimekubali. Sikwenda kwa sababu nampenda. Nilikwenda kwa sababu anazo siku zako ambazo mimi sina, na ninazitaka zote.

Basi lala, Hawa binti wa vilima. Nakuaga bila kukufichia kitu. Nakuahidi mama yako hatakosa mtu wa kumwamkia, na kila masika nitapanda kuja kwako hata kama barabara ni uji. Na kila Jumapili kanisani nitakuombea kwa dhambi zako zote, isipokuwa Jumamosi zile tatu. Hizo usisamehewe kwanza. Hizo tutazungumza wenyewe, mimi na wewe, siku tutakapoonana.

Manka.

Jumanne asubuhi, naongeza: jana nilizima taa saa nne na dakika ishirini. Usingizi ulikuja saa tano kasorobo.