Baba Bado Yuko Njia Panda

Koboko, West Nile,
Tarehe 14 Agosti 1992.

Mpendwa mdogo wangu Kiden,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko Nakuru, na shemeji Draku, na mtoto? Kile kikohozi chake kimeisha? Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila mchana na mihogo imekubali. Mama yupo, ila macho yake sasa yanaona mwanga tu. Anatutambua kwa mwendo wa miguu yetu.

Mvua ikikatika, barabara inatoa mvuke mweupe, nami hukaa barazani nikimenya karanga na kusinzia. Kuna siku nasikia kabisa kengele ya baiskeli ya Baba ndani ya ule mvuke. Naangalia, hakuna mtu.

Unakumbuka Bibi alivyotugawia hadithi tukimenya karanga? "Poni, wewe shika mwindaji. Kiden, shika mke wake." Halafu anauliza, "Mtu wako yuko wapi sasa?" na lazima ujibu mwenyewe. Kumjibia mwenzako ilikuwa mwiko. Nawe mlalaji mkubwa ukasinzia, ukamwacha mke wa mwindaji katikati ya mto, Bibi akakataa kuendelea. Siku tatu maskini yule amesimama majini! Nilimwonea huruma hata nikiosha vyombo.

Sasa nisikilize. Wanangu waliniomba hadithi ya mwaka sabini na tisa, tulivyokimbia vita. Nikanunua daftari Arua, nikaandika. Mimi na Mama twaenda Sudan kwa miguu, godoro kichwani, na mimi ndiye shujaa kila ukurasa. Lo, nilivyojipenda! Nikafika pale njia panda, Baba alipokupakia kwenye baiskeli mwelekee Zaire, mguu wake mmoja bado uko chini, akituambia tutakutana Yei, huko Sudan. Kalamu ikasimama. Hadithi hii ina wenyewe wawili, nami najua upande wangu tu.

Basi nikafanya kosa. Nikakujibia. Niliandika kwamba Baba alifariki usingizini, ameshiba, amefunikwa blanketi. Nikasoma kwa sauti. Mama akaweka ungo chini, akasema, "Poni, huyu mutu si yako. Iko na Kiden. Mimi nangoja Kiden." Aibu niliyoona, we acha tu. Nikauchana ule ukurasa palepale ili asikie.

Tangu uliporudi kutoka Zaire mwaka themanini na sita umetupa maneno matatu: Baba alifia Ariwara. Tukimtaja, unatoka nje. Nilikukasirikia, mdogo wangu, sikufichi. Nilidhani unatunyima. Sasa nawaza kwamba ulikuwa na miaka kumi na miwili tu, na ulikuwa peke yako naye.

Mama anataka kujua kabla hajaondoka duniani. Hataki kupakwa asali. Kama alikufa vibaya, andika vibaya. Nani alimzika? Alisema nini? Ulilia na nani?

Nimefungua pini za daftari. Nusu yenye kurasa tupu anakuletea Hawah muuza vitenge, pamoja na barua hii. Atakaa huko wiki mbili kabla ya kurudi. Nusu yangu ninayo, na uzi wa kuziunganisha nimeshanunua. Ndani ya daftari hilo tutakuwa wakubwa wawili, wewe na mimi, wala hakuna atakayemfuata mwenzake nyuma.

Majirani zetu Asiku na Margarita wanakusalimu, na watoto wote. Mpe shemeji mkono wangu. Mungu akukalishe mahali penye utulivu, akushikie kalamu pale itakapokuwa nzito.

Kila asubuhi Mama ananiuliza, kama Bibi, "Mutu ya Kiden iko wapi sasa?" Namwambia bado yuko njia panda, mguu mmoja chini. Miaka kumi na mitatu, Kiden. Amechoka kusimama.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye hatakujibia tena,

Poni