Nimemchora Mwalimu wa Nidhamu Kuwa Asidi ya Tumbo

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, mimi ni msichana wa kidato cha pili, mtu wa dawati la nyuma, nikiulizwa swali sauti inakimbia yote, na biolojia ilikuwa inanitoa jasho mpaka mwalimu wetu alipotufundisha ramani ya mawazo, yaani unaandika mada katikati ya karatasi halafu unatoa matawi kila upande, basi kwenye mmeng'enyo wa chakula nikachora kwa namna yangu, lugha ya shule na ya nyumbani humo humo, mate nikamweka shangazi kwa sababu kila kinachoingia mlangoni kwetu yeye ndiye wa kwanza kukishughulikia, utumbo mwembamba ni mama, anachukua chenye faida anakigawa, utumbo mpana ni kaka yangu, yuko mwisho kabisa na kazi yake kunywa maji, na asidi, naomba usicheke, ni mwalimu wa nidhamu, nikamchorea na miwani yake.

Kutoka alama thelathini na moja nikapata sabini na nane, mwalimu wa biolojia akasema mbele ya wote, "Binti, Ijumaa utatufundisha kwa ramani yako, na mwalimu wa nidhamu atakuja kuona," nikaitikia ndiyo kwa sababu hapana ingehitaji maelezo, nikaenda nyumbani nikachora nyingine safi, kwa rula, lugha moja, bila mtu hata mmoja, lakini nikisimama nayo mbele ya kioo sikumbuki chochote baada ya mdomo, mpaka shangazi akapita akaniuliza, "Wewe, unasali au unaumwa?" Sasa nijifanye mgonjwa kweli, au nisimame na ile safi niwe bubu mbele ya watu arobaini?

Wa dawati la nyuma

*

Wa dawati la nyuma,

Nimecheka, nisamehe, hasa kwa huyo kaka yako. Lakini habari ya kujifanya mgonjwa ifute. Mwalimu ataahirisha tu, nawe utaogopa wiki nzima badala ya siku tatu.

Sasa nikugombeze kidogo. Hiyo ramani safi ni kitabu cha shule ulichokinakili tu. Kilichokupandisha alama ni kuwaona watu unaowajua wakiwa kazini. Umewafukuza wote kwa rula, halafu unashangaa karatasi haikwambii kitu? Na mwalimu wa nidhamu hujamtukana, mwanangu, tumbo bila asidi halifanyi kazi. Ila miwani ulizidisha.

Kesho kabla ya kengele mpelekee mwalimu wa biolojia ile ramani ya kwanza, umwambie asidi ni nani. Ukishindwa kusema, mwandikie. Kuandika unaweza, nimeona. Mwombe Ijumaa asigawe nakala ya ramani yako, agawe karatasi tupu. Wewe andika mada katikati ya ubao, sema, "Mate ndiyo ya kwanza kushughulika na kinachoingia. Kwenu ni nani?" Kisha nyamaza. Watu arobaini hawawezi kulikalia kimya swali kama hilo. Watagombania kusema wao, na wewe utakuwa unaandika tu, umewapa mgongo.

Mwalimu wa nidhamu naye mpe karatasi na kalamu. Ana kwao, na kwao lazima kuna asidi.