Masizi Kwenye Tela la Binti Yangu

Huna haya, Baba Kulwa. Huna haya hata kidogo, na ninakuandikia humu daftarini kwa sababu usoni siruhusiwi kukuambia.

Leo ni Alhamisi. Hapa Kagongwa jua limewaka tangu asubuhi na upepo unatupa vumbi la barabarani hadi ndani ya sufuria. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa. Kucha zimekuwa nyeusi kama za fundi gereji. Nimeoga, nimerudia kuoga, na bado nikipenga kamasi yanatoka masizi.

Masizi ya lori lako.

Niseme mambo yalivyo, nisije nikaambiwa nimezusha. Lile tela jeupe, lenye madirisha na kitanda ndani, wanalolala wazungu wakiwa safarini, marehemu mume wangu alilipata kwa wajenzi wa barabara walipovunja kambi yao. Alitoa ng'ombe. Watu walimcheka, mzee kauza ng'ombe kanunua nyumba ya matairi. Yeye akampa binti yetu, Mama Kulwa, apikie humo chai na supu. Akamwandikia ubavuni kwa rangi ya bluu: KWA MAMA KULWA. Alimpa binti yake. Hakumpa mkwe.

Mkwe, huyo Baba Kulwa, akaja na maneno yake matamu. Rwamgasa dhahabu imetoka, wachimbaji wana njaa, alivute tela kwa lori lake akaweke mpishi huko, na Mama Kulwa atamfuata, watoto wao pacha wakishafunga shule. Shule ikafungwa. Ikafunguliwa. Ikafungwa tena. Kila mke akiuliza, eti nyumba haijapatikana, eti maji ya kule hayafai watoto. Binti yangu akabaki anatembeza vitumbua kwenye beseni kichwani, wakati jiko lake liko machimboni linashibisha watu wengine.

Jumanne tukaamka tukalikuta tela nje ya ua. Mimi sikulijua. Mbele lote jeusi, maana bomba la moshi la lori lile linapumulia hapohapo, na ubavuni tope jekundu limekauka hadi madirisha huyaoni. Ungedhani limechimbwa kutoka ndani ya duara, shimo la wachimbaji.

Mwenyewe alishaondoka. Akatuma ujumbe kwa mkewe: "Lioshe litakate. Jumamosi nakuja kulichukua, nalipeleka Bugarama."

Lioshe! Hakuuliza hata watoto wake wamelala wamekula nini.

Na huyu binti yangu, nimzae tena nimfunze upya, akafurahi. Akaniambia mimi mamaye, "Mayu, si unaona, ameniletea jiko langu." Leo akaamka mapema, akachota maji, anaimba. Anaosha tela kama anamwogesha bwana harusi.

Nikafunga khanga kiunoni nikamsaidia, maana alikuwa anaharibu. Masizi ya dizeli ukiyamwagia maji matupu unajipaka tu. Nikamwambia aondoe tope kwanza, halafu tukachanganya sabuni ya unga na majivu, na pale penye mafuta tukasugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Maji yalikuwa yanashuka meusi, yanapita miguuni petu, yanaelekea kwa jirani.

Mama Mashaka akachungulia juu ya ua wake. "Bibi Kulwa, mnaosha tela au mnaosha maiti?"

"Tela," nikamjibu. "Maiti atakuja Jumamosi."

Nilimtania tu. Bado nilikuwa sijui.

Tulipofika ubavuni herufi zikaanza kutoka. KWA. Binti akatabasamu. MAMA. Akasugua haraka haraka, kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea. Ikatoka N.

Akasimama. Akasugua tena, labda ni uchafu umejikunja. Ikatoka E.

NEEMA.

Kwa Mama Neema. Tena ubahili wake ulioje! Hakupaka rangi upya ubavu mzima. KWA MAMA ya mume wangu ameiacha palepale, bluu ileile. Ameziba jina la mjukuu wangu tu, juu yake akaandika jina la mtoto ambaye hapa nyumbani hatumjui; tope likamsahaulisha mwenyewe.

Mama Kulwa akakaa chini kwenye matope na gauni lake. Akaanza kunitolea hadithi. Labda ni jina la mpishi. Labda mchoraji alikosea. Nikamwambia ng'wanawane, mwanangu, mchoraji hakosei mtoto mzima. Piga simu.

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Mimi nikakaa kimya kama heshima inavyotaka.

"Limetakata?" mwanaume akauliza.

"Limetakata hadi maandishi yanasomeka."

Nikasikia lori likinguruma.

"Mama yupo hapo?"

"Yupo."

Akakata simu.

Hakusema mimi siye. Hakusema Neema ni nani. Aliogopa sikio langu tu.

Binti akainuka na ule waya wa kusugulia masufuria, akataka kulikwangua jina. Nikamnyang'anya. Usiliguse! Hilo ndilo lioshwe kuliko vyote. Tukaliosha mimi na yeye kwa dodoki laini, tukalisuuza, tukalifuta kwa kitambaa kikavu. Linang'aa. Wapita njia wanalisoma kutoka barabarani. Baba mzazi wa mkwe nimeshamtumia salamu aje Jumamosi na ndugu zake wote, waje wamsome mjukuu wao mpya. Wasiojua kusoma nitawasomea, mimi niliyeishia darasa la tatu.

Nakiri, hasira hii ina utamu. Nilipokuwa nasugua sikuhisi hata mgongo.

Ila mchana binti aliniuliza kitu. "Mayu, akija akilivuta, mimi nabaki na nini?" Ni kweli. Wazee watakaa, watakohoa, watasema mambo ya ndoa yaongelewe polepole, na wakati wanakohoa yeye atakuwa ameshafunga tela kwenye lori, kesho yake linauza supu Bugarama kwa jina la Neema. Sisi hatuna mwanaume wa kusimama mbele ya lori. Na mimi kwa mila yetu sisimami mbele ya mkwe. Hatutazamani. Akija nyumbani napita njia ya nyuma, nimejifunika. Nilipokaa hakai, nguo yangu haigusi. Na ninapolala, hata kizingiti hakanyagi. Angekanyaga, angetozwa mbuzi wa kuomba radhi na ukoo wake usingemtetea.

Miaka yote nimeibeba heshima hiyo kama mzigo. Leo ndiyo nimeona kwamba mzigo huo una mpini.

Kitanda cha tela ni kifupi, nimekipima kwa kujilaza. Miguu nitaikunja.

Aje sasa. Aje alifunge kwenye lori, mama mkwe wake akiwa amelala ndani, baba yake na wajomba zake wanatazama. Alivute hadi Bugarama hivyohivyo, nione dereva gani huyo.

Mama Kulwa, najua daftari hili unalisoma jikoni ukijifanya moshi ndio unakuliza. Futa macho. Godoro langu liingie kwenye tela leo, kabla jua halijazama. Nguo zangu zitundike kwenye kila dirisha, zionekane. Na ile khanga yangu ya kuogea ifunge mlangoni, palepale pa kushikia.