Tundu Nisiloliona

Temeke, 9 Juni 1954

Kwa Gregori, uliye juu ya nguzo za umeme za Kunduchi,

Glavu zako za mpira zimefika karakana kupimwa, pamoja na kikaratasi chako: "Apolonia, zipitishe tu, zimeshauzoea mkono wangu."

Nilizijaza hewa, nikaziweka shavuni nisikie kama zinavuja. Kimya. Mzee Fransis, mpimaji mwenzangu, akacheka, "Binti, unazipima au unazibusu?" Tukazitia maji ndani na nje, tukapitisha umeme mkali. Ukapenya kwenye dole gumba la kushoto. Nimelitafuta tundu kwa kioo cha kukuzia, silioni. Umeme umelijuaje? Nawaza hilo, kisha nauwaza mkono wako.

Najua utakaa wiki bila kazi ukisubiri glavu mpya. Nimezikata vidole vyote kumi, asizivae mtu.

Jumapili baada ya misa, njoo unigombeze.

Apolonia wako