Mama Anataka Nimwachie Kaka Basi la Kwanza

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Mimi ni dereva, mwanamke, kitinda mimba wa kwetu, na kaka yangu ndiye aliyenifundisha gari, na mwaka huu tuliomba pamoja kazi ya yale mabasi marefu ya mwendo kasi yenye njia yake ya zege, ambayo ukishaingia unaachia usukani kabisa, maana vigurudumu vya pembeni vinagusa kingo na basi linajiongoza lenyewe, sasa kaka, bingwa wa kukata kona, kila akijaribiwa anaukamata usukani kama kakamata mwizi, vigurudumu vinalia, mkaguzi anapiga kelele, "Mzee, achia!", naye haachii, akafeli, lakini mimi niliingia mdomo wa ile njia kwa kasi, nikaachia, mikono nikaiweka mapajani, basi likanyooka kama uzi, nikacheka peke yangu, na sasa nimechaguliwa kuendesha basi la kwanza siku ya uzinduzi, ila mama kanuna, anasema, "Mkubwa ni mkubwa, mwanangu, mwachie kaka yako, wewe utapata siku nyingine," na mimi mama simbishii, kesho nataka niende kwa bosi nijitoe, je, nitakuwa nimekosea?

Kitinda Mimba

Marahaba, mwanangu. Kwa bosi huendi.

Pole, kununiwa na mama si jambo dogo. Lakini kiti hicho si sufuria, useme unamwazima ndugu yako. Kaka kafeli. Ukijitoa, Jumamosi ataendesha mtu baki, na nyumbani kwenu mtanuna watatu badala ya mmoja. Hiyo ndiyo heshima?

Halafu nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kaka amesema nini. Hakuna! Mama kasema, wewe umesema, hata mkaguzi kasema. Mwenyewe hajaulizwa. Nenda leo ukamuulize, na umwambie uko tayari kumfundisha kuachia, maana mtihani unarudiwa. Mama akikukumbusha tena ukubwa wa kaka, mjibu kwa adabu kwamba mkubwa ni jalala, na hili atalibeba. Kisha mwekee mama kiti cha mbele kabisa, umwambie avae vizuri.

Usimwombe mtu radhi kwa kufaulu. Kile kicheko chako nimekisikia mpaka huku, nami nimefurahi kana kwamba nimekuzaa mimi.

Jumamosi ingia kwa kasi ile ile. Kaka akipiga makofi, una kaka. Akinuna, bado una kaka, na basi limeondoka kwa wakati.