Safari Hii Hukuachia

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu mkate wa nyumba hii uache kubonyezwa kabla ya kukatwa.

Ulibonyeza kila kitu: mkate, parachichi, godoro la wageni, vipaji vya nyuso zetu hata tukiwa wazima. Mama akilalamika ulimjibu, "Kule kazini siku nzima nashika bila kugusa. Niache niguse vya nyumbani."

Asiyejua kazi yako angedhani umechanganyikiwa. Ulikuwa daktari wa kupasua ini, kongosho na mirija ya nyongo, na miaka ya mwisho ulipasua kwa roboti. Ulikaa kwenye kiti, hatua chache kutoka kwa mgonjwa, uso umeuzamisha kwenye kioo, vidole vyako vikiiongoza mikono ya mashine iliyoingia tumboni kwa vitobo vidogo. Mikono ile haikutetemeka, ila haikukuletea joto wala ulaini wa kitu. Mama aliiita mashine hiyo mke mwenza. Ukichelewa kurudi alikuuliza kama huko kwa mwenzake hukupewa chakula.

Kisha dada yako, shangazi yetu, akaanza kuwa na macho ya njano. Uvimbe ulikuwa umeziba mrija wa nyongo. Ulimwambia hupasui ndugu wa damu, daktari mwenzako ndiye angekaa kwenye kiti. Shangazi akagoma kabisa. Mashine hakuiogopa, asiyemwamini ni wewe, kwamba utabaki naye.

"Ulinifundisha baiskeli," alikwambia mbele yetu sote. "Ukasema umeshika. Nageuka nyuma, uko kule mbali unacheka."

Sisi tulicheka, wewe hukucheka. Siku zilikuwa zinakwenda, na njano ilikuwa imefika hadi kwenye viganja vyake. Ukavuta kiti karibu naye.

"Mwenzangu atapasua. Mimi nitasimama kichwani pako, mkono begani. Safari hii siachii."

Akakubali, kwa shingo upande. Daktari wa usingizi alitusimulia baadaye kwamba hata pua ilipokuwasha ulimwomba nesi akukune. Shangazi alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa, "Uliachia?" Ukatikisa kichwa, machozi yakikulenga, ukambonyeza kipaji cha uso.

Tunakukosa, Baba. Tunakosa ulivyotung'arishia viatu sote huku ukiimba wimbo mmoja ambao hukuwahi kuyajua maneno yake. Tunakosa wagonjwa wako wa zamani waliokusimamisha sokoni na kupandisha shati kukuonyesha makovu, nawe ukiyasifia kama mtoto anayeonyeshwa jino la mwenzake lililong'oka.

Moyo wako ulipochoka, aliyekaa kichwani pako ni shangazi, macho yake meupe kabisa. Ulikuwa umeung'ang'ania mkono wake, na sote tuliona unavyohangaika. Akakuinamia sikioni, akasema taratibu:

"Haya, kaka, achia. Nimekushika mimi."

Ukaachia.

Unakumbukwa na mkeo, anayekiri sasa kwamba mke mwenza hakuwa na neno. Dada yako, ambaye bado anatugombeza wote. Wanao watatu na wenzi wao. Wauguzi na madaktari uliosimama nao. Na mjukuu wako wa kwanza, ambaye ameanza kubonyeza mkate bila kufundishwa na mtu.

Tutakukumbuka daima, Baba. Sisi hatuachii.